Posho Yangu ya Ugonjwa

Dada huyu ndiye aliyenipeleka kiwandani. Namwita dada kwa sababu ndivyo nilivyomwita miaka yote ile. Hatukuzaliwa tumbo moja, ila tulitoka wilaya moja huko Nyanda za Juu, tulisali kanisa moja pale Kiwalani, na alinizidi miaka saba. Wakati huo nilikuwa nimeachana na baba wa binti yangu kule Temeke, nimepanga chumba kimoja, na hela niliyokuwa nayo ilitosha mwezi huo tu. Jumapili moja baada ya ibada akanivuta pembeni, akaniuliza kwa lugha ya kwetu, "Unaweza kusimama kwa muda wa saa nane bila kukaa?"

Nikamwambia naweza.

"Basi kesho saa kumi na moja alfajiri uje getini. Uvae viatu vya kufunika, maana mlinzi haruhusu ndala."

Sikuwa na viatu vya kufunika. Nilikwenda na ndala zangu nikijua nitarudishwa. Nilipofika alikuwa ananisubiri na raba mkononi, zake mwenyewe, akainama akanifunga kamba pale pale mbele ya wanawake wengine kama mtu anayemwandaa mtoto kwenda shule. Yeye akaingia na raba nyingine zilizochanika pembeni, kidole kikionekana. Nilizivaa zile raba zaidi ya mwaka. Nasema hivi ili mtu asidhani nilikuwa mjinga kumwamini. Ningemwamini nani kama si yeye?

Kiwanda kilikuwa cha sabuni ya unga, upande wa barabara ya kwenda uwanja wa ndege. Wanawake tulikuwa kwenye kufungasha. Mashine inamwaga unga kwenye mfuko, wewe unaupokea, unaugonga ushuke vizuri, unaupitisha kwenye chuma cha moto uzibe, unaupanga kwenye boksi, na mwingine umeshafika. Tulikuwa vibarua. Unalipwa siku uliyofanya kazi, na siku usiyokuja hesabu yako ni sifuri. Kila alfajiri nyapara anasimama getini na daftari anasoma majina ya wanaohitajika. Usiposomwa unarudi nyumbani.

Nyapara wa wanawake alikuwa dada. Na yeye alikuwa kibarua kama sie, ila wa siku nyingi, ofisi inamfahamu na inamwamini. Yeye ndiye aliyeshika daftari la mahudhurio, na mambo yote ya ofisini yalitufikia kupitia mdomo wake. Sie hatukuwa na ruhusa ya kupanda ngazi za ofisi. Ukiwa na shida unamwambia nyapara, nyapara anapanda, anashuka na jibu. Siku nyingine nilipokuwa nimeshaingia kwenye mashine kabla ya kusaini, nilikuwa nampigia kelele tu, "Dada, nisainie," naye ananisainia. Sahihi yangu ni herufi moja yenye mkia mrefu. Alikuwa anaiweza kuliko mimi.

Mwaka wa tatu kifua kikaanza. Mwanzoni kilikuwa kikohozi cha asubuhi, nikadhani ni baridi ya alfajiri. Kisha nikawa nakohoa kila mashine ikiwashwa. Barakoa walizotupa zilikuwa za kitambaa chepesi, baada ya saa mbili tu zimeshalowa na kuganda unga. Ikafika siku nikawa napanda kijilima kidogo cha mtaani kwetu nikisimama mara tatu, nimeshika ukuta wa nyumba za watu. Majirani wakaanza kunikwepa. Hakuna aliyeniambia kitu, lakini mama mmoja tuliyekuwa tunachota naye maji akawa anasubiri niondoke ndipo asogee bombani. Walifikiri ni kifua kikuu. Mie mwenyewe nilifikiri hivyo.

Siku niliyoanguka ilikuwa Alhamisi. Sikuzimia, magoti tu yaliishiwa nguvu, nikakaa sakafuni katikati ya maboksi nikivuta hewa isiyoingia. Dada alizima mashine, akaniinua, akanitoa nje, akanipandisha bajaji mpaka hospitali, akalipa yeye. Hilo nalo nalisema kwa sababu ni kweli.

Makohozi yalipimwa. Haikuwa kifua kikuu. Daktari, kijana mwenye sauti ya upole, aliniuliza nafanya kazi gani, nikamwambia. Akaandika kwa muda mrefu. "Mama, hii ni pumu, na hilo vumbi la sabuni ndilo linaloichokoza. Kipuliza hiki utatumia asubuhi na jioni. Nakuandikia ED ya wiki sita, usikanyage pale kabisa. Baada ya hapo njoo nikuone tena."

ED ni ile karatasi ya daktari inayosema mtu apumzike asifanye kazi. Nilikuwa nimeiona kwa wafanyakazi wa kudumu tu. Nilimwonyesha dada pale nje ya chumba cha daktari.

"Nipe niwapelekee ofisini," akasema. "Hawatatoa kitu, unawajua. Lakini wasije wakasema umetoroka kazi."

Nikampa.

Jumamosi hiyo alikuja nyumbani. Nilikuwa nimelala kwenye mkeka, binti yangu ananipepea kwa kifuniko cha ndoo. Dada alikaa kwenye stuli, akavua kitambaa cha kichwa, akahema.

"Nimepanda mwenyewe mpaka kwa wakubwa," akasema. "Wamesema kibarua akiugua ni juu yake. Nikawaambia huyu mtu kaugulia kazini, wakaniambia kama namwonea huruma nimlipe mie."

"Si nilijua," nikamjibu.

"Wamekubali kukuwekea nafasi yako tu. Ukipona utarudi."

Akafungua mfuko wa plastiki. Kulikuwa na sukari, mchele, machungwa sita na mafuta ya kupikia ya kupimwa. Alipoondoka akanisokomezea noti mkononi na kunifumba vidole. Nilikataa, akakaza. "Chukua, mdogo wangu. Leo kwako, kesho kwangu."

Alikuja hivyo karibu kila Jumamosi kwa zaidi ya miezi mitatu, maana daktari aliniongezea ED mara mbili, na kila karatasi nilimpa yeye aipeleke. Mara nyingine alileta dagaa, mara nyingine unga. Binti yangu akitoka shule alikuwa anakwenda kwake Yombo kula na kufanya kazi za shule, jioni anarudi ameshiba na amesukwa nywele. Nilikuwa nalia nikimwangalia mtoto akiingia na zile nywele. Nilimpigia mama yangu simu kijijini nikamwambia Mungu ameniletea dada mjini. Mama akataka azungumze naye amshukuru, na siku moja nikawaunganisha. Dada alimwambia mama, "Usijali mama, huyu ni damu yangu."

Nilipopata nguvu kidogo ya kutembea nikaenda kanisani. Kwetu kuna kipindi cha ushuhuda, mtu anasimama anaeleza Mungu alivyomtendea. Nikasimama. Nilisema nimeugua, nimekaa ndani bila kazi, na kiwanda hakikunipa hata senti, lakini dada huyu aliyekaa pale safu ya tatu amenilisha mimi na mwanangu. Nikasema kila wiki ameniletea chakula na hela. Kifua kikanibana katikati ya maneno, nikasimama navuta hewa, watu wakaanza kupiga makofi na kusema amina. Nilimwangalia yeye. Alikuwa ameinamisha kichwa, ameangalia sakafu. Nikafikiri ni unyenyekevu.

Ilipofika mwezi wa nne wa ugonjwa wangu mwenye nyumba alinipa siku kumi. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa amevumilia. Nikawaza nikaongee mwenyewe kiwandani, si kuomba hela, bali kuomba wanihamishie kwenye kubandika lebo, kule kwenye chumba cha nyuma kisicho na vumbi. Sikumwambia dada kwa sababu nilimwonea aibu. Niliona nimeshamchosha vya kutosha.

Nilifika getini Jumatano saa nne asubuhi, watu wote wako ndani. Nilijiandaa kumbembeleza mlinzi, lakini alipoona uso wangu akatabasamu na kufungua geti dogo.

"Afadhali umepona, mama. Leo unakuja kusaini mwenyewe?"

"Kusaini nini, kaka?"

"Si hizo za ugonjwa. Juzi juzi alipanda mwenzio." Akanionyesha ngazi. "Pita tu, HR yupo."

Nilipanda zile ngazi polepole. Nilidhani amenichanganya na mtu mwingine, na hata nikafurahi kidogo kwamba kuchanganywa huko kumeniingiza ndani. HR, afisa wa mambo ya wafanyakazi, alikuwa msichana mdogo kuliko mimi, amevaa miwani, na chumbani kwake kulikuwa na feni na ubaridi mzuri. Alinikaribisha nikae. Nikataja jina langu, na kabla sijaanza habari ya lebo akavuta faili.

"Pole sana na kuumwa. Unaendeleaje? Ila posho ya mwezi huu mmeshachukua, au kuna ED mpya?"

Nikamwuliza posho gani.

Alinitazama kwanza, kisha akanieleza taratibu kama anayeongea na mgonjwa. Tangu mwanzo wa mwaka kiwanda kilikubali kwamba kibarua aliyefanya kazi zaidi ya mwaka, akiugua na kuwa na cheti cha daktari, alipwe nusu ya ujira wake kwa siku zote za mapumziko. Tangazo lilibandikwa huko juu ofisini, na manyapara waliitwa wakaambiwa wakatutangazie. "Nyapara wenu alikuwepo," akasema. "Yeye ndiye aliyekuletea fomu."

Akageuza faili upande wangu. ED zangu tatu zilikuwa mle, zimebanwa vizuri, na nyuma ya kila moja vocha ya malipo. Chini ya kila vocha ile herufi yenye mkia. Na juu kabisa palikuwa na barua iliyoandikwa kwa mkono, mwandiko ninaoujua kutoka kwenye daftari la mahudhurio. Ilianza na jina langu kamili. Ilisema kwamba kwa kuwa siwezi kutembea, nimemruhusu dada yangu anichukulie malipo yangu yote mpaka nitakapopona, na kwamba nawashukuru viongozi kwa moyo wao wa huruma.

Niliisoma mara mbili. Kilichoniumiza pale mwanzoni hakikuwa hela. Lilikuwa hilo neno la kushukuru. Dada alikuwa amekaa mahali, pengine kwake Yombo, pengine mwanangu yuko mezani anakula, akafikiri ningeandika vipi kama ningeandika mimi, akaandika vizuri.

"Hii sahihi ni yako?" HR akauliza. Sauti yake ilikuwa imebadilika. Alikuwa ameanza kuelewa.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikusema hapana. Neno lilikuwa mdomoni. Nikaona raba, nikaona bajaji ya hospitali, nikaona nywele za mwanangu. Nikawaza kwamba nikisema hapana, polisi wataitwa leo, na mtoto wangu yuko nyumbani kwake kwa sababu shule walikuwa wamefunga.

"Naomba mpaka Jumatatu," nikasema.

Aliondoa miwani yake. "Mama, kama sio yako, niambie sasa hivi."

"Naomba Jumatatu nitakuja naye."

Siku ile ile nilikwenda Yombo. Alikuwa amerudi mapema, amekaa kibarazani anachambua mchele kwenye ungo. Mwanangu alikuwa ndani akiangalia katuni. Nilibaki nimesimama kwa sababu nikikaa nilikuwa naogopa nitashindwa kusema.

"Nimetoka kiwandani," nikamwambia. "Nimeona vocha."

Mikono yake ikasimama kwenye mchele. Hakuuliza vocha gani. Kama angeuliza, labda hata ningeanza kujitilia shaka.

"Kaa kwanza, mdogo wangu."

"Sikai. Umenichukulia hela ya ugonjwa, halafu Jumamosi unaniletea machungwa."

"Nilikuwa nakuwekea. Wewe ungezimaliza zote kwenye kodi na madawa, ukipona ungekuwa huna hata pa kuanzia."

"Ziko wapi?"

Akasukuma ungo pembeni. Nilijua ziko wapi. Alikuwa na kiwanja Kigamboni, tulikuwa tunakiongelea miaka yote. Na kwenye miezi ile ya ugonjwa wangu alikuwa ameniambia kwa furaha kwamba ukuta wa nyumba yake umefika kwenye lenta, juu ya madirisha, na mie nikamwambia hongera, Mungu anakulipa kwa wema wako.

"Nani alikuingiza pale?" akasema hatimaye, kwa sauti ndogo. "Mie nimekaa pale miaka tisa. Nikiugua kesho watanipa hizo hela za wiki chache halafu basi. Nina nini mie? Niliona fundi anataka kuondoka, nikasema nitaazima ya mara moja. Ya pili nikasema nitarudisha zote pamoja."

Kisha akalia, na sijawahi kumwona akilia kabla ya hapo. Akanishika mikono, unga wa mchele ukabaki kwenye vidole vyangu. Akaniapia kwamba Jumatatu saa mbili tutakutana getini, tutapanda pamoja, ataeleza mwenyewe kila kitu na wamkate kidogo kidogo mpaka ziishe. Akaniomba jambo moja tu, nisiongee kanisani.

Nikamkubalia. Nilimchukua mwanangu nikarudi nyumbani, na utaamini usiamini, nilijisikia mwepesi. Nilisema moyoni kwamba amekosa, lakini ni dada, na amekiri.

Jumatatu nilifika saa moja na nusu. Saa mbili ikapita, saa tatu ikapita. Nilimpigia simu ikawa inaita mpaka inakatika. Mlinzi yule yule alikuwa hanitazami. Mwishowe nikapanda peke yangu.

HR hakuniambia nikae.

"Mwenzako alikuja Jumamosi," akasema. "Ameandika maelezo. Anasema ulimtuma mwenyewe, hela zote amekuletea, na sasa umemwambia asipokuongezea utasema amekuibia."

"Sio kweli."

"Anasema alikuwa anakuletea kila Jumamosi, na kwamba wewe mwenyewe ulisimama kanisani ukasema hivyo mbele za watu wote." Akanitazama juu ya miwani. "Tumempigia mzee wa kanisa lenu. Amesema ni kweli, alikusikia kwa masikio yake."

Nilishika meza. Kifua kilikuwa kimeanza, nikatafuta kipuliza kwenye pochi, na wakati navuta dawa niliona kwenye uso wake kwamba hata hilo anafikiri naigiza. Kuiba, dada aliiba kwa sababu ya shida zake, hilo naweza kulielewa mpaka leo. Lakini kuchukua shukrani yangu, maneno niliyoyatoa kwa machozi nikiwa nakosa pumzi, akaenda kuyaweka mezani kama risiti, hilo alilifikiria. Alikuwa na siku mbili nzima za kulifikiria, siku ambazo mimi ndiye niliyempa.

Nilikwenda kwa watu wanaosikiliza kesi za wafanyakazi. Waliniambia kitu ambacho sikukijua, kwamba mtu aliyefanya kazi mahali pamoja miaka mitatu mfululizo ana haki nyingi kuliko zile ambazo jina la kibarua linamfanya ajione nazo. Tukaitwa sote mezani: mimi, dada, na HR na faili lake. Msuluhishi alikuwa mama wa makamo, mtaratibu, anaandika kila kitu. Akanipa karatasi niandike sahihi yangu mara kumi. Nikaandika. Mkia ukawa unakwenda huku na huku. Zile za kwenye vocha zilikuwa zimetulia, zinafanana kama zimepigwa muhuri.

Kisha akamgeukia dada. Dada alikuwa amevaa kitenge kipya na mtandio, anajibu "ndiyo mheshimiwa" na "hapana mheshimiwa."

"Nilimsainia, mheshimiwa, sikatai," akasema. "Lakini aliniambia mwenyewe nimsainie. Siku zote aliniambiaga hivyo."

Msuluhishi akaniuliza, "Umewahi kumwambia akusainie?"

Dada alikuwa ananitazama usoni sasa. Alijua sitadanganya. Alinifahamu vizuri mno.

"Nimewahi," nikasema. "Daftari la mahudhurio. Sio hizi."

Akaandika jibu langu. Sikumlaumu, alikuwa anaandika alichosikia. Mwisho wa yote ikaonekana kwamba hela zilizokwishatoka haziwezi kujulikana zilifika wapi, kwa kuwa chakula na noti zilikuja kweli, na mimi mwenyewe nilisema kanisani zimekuja. Kiwanda kikakubali kunilipa mkononi siku za ED zilizokuwa zimebaki, na nikasaini kwamba sidai tena na kwamba kazi yangu pale imekwisha. Dada alivuliwa unyapara. Akabaki kwenye mashine.

Pale nje ya ofisi ile akanisubiri. Nilidhani ataniomba radhi. Akasema, "Umeniharibia jina langu," akavuka barabara.

Kanisani walitaka tupatane. Mzee wa kanisa, yule yule aliyepigiwa simu, alituita mbele ya waumini tushikane mikono. Dada alinyoosha wake haraka. Wa kwangu haukuinuka. Sikuwa nimepanga kumwaibisha, mkono tu ulikataa. Nikasikia wanawake nyuma wananong'ona, na mmoja akasema, wala hakuficha sauti, "Kalishwa miezi yote ile, leo hataki hata salamu." Nilikaa pale mpaka wimbo wa mwisho, kisha nikatoka na mwanangu, na sikurudi tena. Sasa nasali kwingine, mbali kidogo, ninakaa nyuma, na kipindi cha ushuhuda nakwenda nje kunywa maji.

Mtu aliyeniokoa kwenye kodi hakuwa wa kanisa wala wa kwetu. Ni mzee mwenye duka mtaani, ambaye babu zake walitoka Uarabuni na ukoo wao unauza mchele na mafuta ya taa hapa tangu kabla nyumba zetu hazijajengwa. Nilikuwa na deni la sukari kwake. Nilikwenda kumwambia nitachelewa kulipa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Unajua kuandika namba vizuri?"

"Najua."

"Yule binti wa kibanda cha kutoa pesa kaolewa. Kaa pale uanze leo. Deni nitakata." Akaendelea kupima sukari. Hakuniuliza habari ya kifua wala ya kiwanda, ingawa najua alizisikia zote. Mwenye nyumba aliposikia nimepata kazi, akakubali kusubiri. Mpaka leo nafanya kazi kwenye kibanda hicho. Hakuna vumbi, na siku kifua kikikataa nabaki nyumbani, naye ananilipa siku hiyo kama kawaida bila kuandika popote.

Binti yangu alimkumbuka sana dada. Kwa wiki nyingi akitoka shule alikuwa anauliza kama leo anakwenda kwa mama mkubwa. Nilimwambia mama mkubwa ana kazi nyingi. Siku moja akaniuliza kama tumemkosea. Nikamwambia hapana, hatujamkosea, na nikaona hakuridhika, kwa sababu katika akili yake mtu mzuri kiasi kile hawezi kuacha kuja bila sababu. Mimi mwenyewe ilikuwa inaniwia vigumu. Hadi sasa siwezi kumgawa yule mwanamke vipande viwili, yule aliyeinama kunifunga kamba na yule aliyeandika ile barua. Walikuwa mtu mmoja, na alinijia kila Jumamosi.

Mwaka huu, kabla ya Pasaka, nilipata ujumbe kwenye simu. Namba sikuwa nayo tena lakini naijua kwa kichwa. Uliandikwa kwa lugha ya kwetu. Ulisema mgongo umemlaza wiki ya tatu, kiwandani wameanza kuchukua wasichana wapya kupitia wakala, na wakala hana habari ya posho ya mtu yeyote. Ulisema, "Uniombee, mdogo wangu." Hakutaja hela, wala hakuniomba msamaha.

Kulikuwa na mteja dirishani anataka kutoa pesa. Nikamhudumia, nikamhesabia, akaondoka. Nikausoma tena ule ujumbe. Jumapili ile kanisani nilijaribu, kweli nilijaribu. Niliwaombea mama yangu, mwanangu, yule mzee na duka lake. Nilipofika kwa dada nikafungua mdomo, nikalitaja jina lake mara moja, na baada ya hapo sikupata neno lolote la kuongeza. Sijamjibu mpaka sasa.